Nafasi ya Kidole

Mgeni aliingia karakanani bila kutarajiwa, ameshika kamba yenye mafundo. Alikuwa mwanamke kijana, na viatu vyake vilijaa vumbi la kifusi, lile vumbi jeupe ambalo miaka miwili baada ya tetemeko lilikuwa bado halijapata pa kutua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kama umefuata kiti, jaribu hicho. Kikikuangusha, hakiuzwi."

"Nimefuata mlango."

Randa ikasimama juu ya ubao.

"Mimi ni mwalimu wa shule ya bondeni," mgeni aliendelea. "Darasa moja limekwisha kujengwa, kuta na bati. Futi ya kupimia hatuna, ndiyo maana nimefunga mafundo. Hapa hadi hapa ni kimo, na hapa ni upana."

"Umepotea njia, mwanangu. Natengeneza viti, meza na stuli. Milango, hapana."

"Lakini wewe ndiye Fundi Kaza?"

Jina hilo lilimchoma. Alilipata enzi zile alipojitapa kwamba mlango wake haupitishi upepo wala umbeya. Aliuranda mpaka ukae ndani ya fremu kama ukucha kwenye kidole, na mkewe akimtania, "Siku moja utatufungia humu, mume wangu." Siku ardhi ilipotikisika, fremu ilipinda kidogo tu, upana wa punje ya mchele, na mlango ukageuka ukuta. Yeye alikuwa nje, mkewe ndani. Alivuta mpaka kitasa kikang'oka na kumbakia mkononi. Kisha paa likashuka.

Majirani walimpa pole mpaka pole zikawaishia, maana kila mmoja alikuwa na maiti wake wa kumlilia. Tangu hapo aliishi peke yake katika chumba cha bati nyuma ya karakana, na mlangoni alitundika shuka.

"Watoto wanasoma chini ya turubai," mwalimu alisema, "nalo limechanika. Mvua ziko njiani. Nikiwaambia darasa litakuwa na mlango, wananiuliza, 'Ukigoma kufunguka je?'"

"Unawajibu nini?"

"Niwajibu nini? Mimi si fundi."

Fundi akaichukua ile kamba. "Jumatatu asubuhi," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Jumamosi zikaja habari kwamba lori lenye mbao za mlango limekwama ng'ambo ya mto. Daraja la muda lilikuwa limezama tena. Nani angemlaumu? Nchi nzima ilikuwa imezoea kuambiwa kesho: daraja kesho, maji kesho, zahanati kesho. Watoto nao wangeambiwa kesho, nao wangezoea.

Aliketi akakitazama kitanda chake.

Alikitengeneza mwenyewe mwaka aliooa, kwa mbao ngumu zisizojua mchwa, na ndicho kitu pekee kilichotoka kizima kwenye kifusi. Hadi leo alilalia ukingo, upande wa ukutani akauacha wazi. Kwenye ubao wa kichwani palikuwa na doa jeusi la mafuta ya nywele za mkewe.

Jumapili alikivunja, kiungo kwa kiungo, bila kupasua hata ubao mmoja. Alipoziunga mbao hizo kuwa mlango, mkono wake ulitaka kukaza kama zamani. Mara mbili aliuzuia. Aliacha nafasi ya kidole pande zote, akapanga bawaba ili mlango ufungukie nje. Aliranda kila mahali, isipokuwa kwenye doa.

Jumatatu aliutundika, watoto wakiwa wamejipanga mbali kama wanaotazama ng'ombe mkali.

"Upepo utapita, fundi," mwalimu alisema.

"Upite."

"Na umbeya je?"

"Nao upite. Una haki ya kusoma."

Mwalimu akacheka. Fundi aliingia darasani peke yake, akajifungia. Kwa miaka miwili hakuwahi kuwa nyuma ya mlango uliofungwa. Lakini mwanga ulikuwa ukipenya kwenye ile nafasi, mstari mwembamba kuuzunguka mlango wote. Akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunguka.

Msichana mmoja mwenye pengo akajitokeza kwenye mstari. "Babu, toka. Nijaribu mimi."

Akaingia, akajifungia. Fundi alisimama nje, mahali pale pale anapopajua. Kimya. Kisha mlango ukafunguka, na kiganja kidogo kilikuwa kimelalia lile doa.

"Tena!" msichana alisema, akaufunga.

Walikuwa bado wanapokezana zamu yeye alipoondoka na ile kamba ya mafundo mfukoni. Chumbani, sakafu ilikuwa na alama nne za miguu ya kitanda. Alitandika mkeka katikati yake, akajilaza kupumzisha mgongo, pembeni, akauacha wazi upande wa ukutani.