Bahari Ndani ya Mfereji wa Kahawa

Julai ile baridi ilikuwa imekaa kitako Nyeri, na ukungu ulikuwa hauondoki kijijini Gatitu mpaka watu wamalize chai ya saa nne. Ndipo habari ikaenea kwamba Murugi, binti ya Watiri, yule aliyesomea uhandisi wa maji, ameomba kiwanda cha kahawa ili atengeneze bahari.

"Bahari gani sasa?" Mzee Theuri, mwenyekiti wa chama cha ushirika, alimwuliza walipokutana penye lango la kiwanda. Alikuwa amejifunga skafu mpaka masikioni.

Murugi akamweleza. Kampuni iliyomwajiri Nairobi ilikuwa imepewa kazi ya kusanifu kinamasi kwenye ufuo wa Kigingini, mji mdogo huko pwani. Bahari ya Kigingini ilikuwa inapanda polepole, mwaka hadi mwaka, na maji makuu yalipokuja siku hizi yaliingia mpaka sokoni. Watu wa mji hawakutaka ukuta mtupu. Walitaka mikoko, matope na vijito, vipangwe kitaalamu ili vivunje nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye nyumba. Kompyuta ilikuwa imeshapiga hesabu zake, lakini Murugi alitaka kuyaona maji yenyewe. Mahali penye mitaro ya kujaribia mawimbi palikuwa na foleni ndefu, na hapa nyumbani mifereji ya kuoshea kahawa, ya saruji laini, mirefu na iliyonyooka, ilikuwa imelala bure mpaka mavuno ya Oktoba.

Mzee Theuri aliutazama mfereji kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Haya. Na ukimaliza bahari yako, sisi tutabaki na nini?"

"Mnataka nini, Mzee?"

"Hii maji yetu ya kahawa iko na shida. Kila msimu watu wa huko chini wanakuja hapa kulalamika ati mto inanuka. Tumechimba mashimo, yanajaa."

"Basi nitawatengenezea kinamasi hapa," Murugi alisema. "Kidogo tu, cha mafunjo na changarawe. Maji yapite humo kwanza, yapoe, yasafishwe, ndiyo yaende mtoni."

Wakashikana mikono, na siku iliyofuata Murugi akapewa ufunguo.

Mama yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Watiri alimwona binti yake akirudi Gatitu na masanduku, akilala katika chumba chake cha zamani, asubuhi akivaa gambuti na kuteremka kiwandani, naye akafikia uamuzi wake kimyakimya. Siku moja walipokuwa wakichambua maharagwe alimwambia kwa Kikuyu, bila kuinua macho, "Mtu akifutwa kazi si dhambi, mwanangu. Chakula kipo hapa."

Murugi alicheka mpaka akalazimika kuweka ungo chini. Kesho yake alimchukua mama yake akamwonyesha. Chini ya mfereji alikuwa amemwaga mchanga wa mtoni na kuusawazisha uwe kama ufuo, unapanda taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Upande wa chini palikuwa na ubao uliosukumwa na mota ya waipa za kioo cha gari, unaokwenda mbele na kurudi nyuma, na kila uliposukuma, wimbi dogo liliondoka likapanda mfereji mpaka likapiga matofali mwishoni. Watiri, ambaye hakuwahi kuiona bahari, alichutama akatazama mawimbi yale yakija tena na tena.

"Na miti?"

"Miti ndiyo inanishinda. Nimejaribu waya, inasimama kama misumari. Mizizi ya mkoko inatakiwa iwe mingi, imepindapinda, ishike maji."

Watiri alikuwa msusi wa vyondo. Jioni hiyo alitoa kamba za katani zilizobaki kwenye kiondo cha mwisho, akaanza kuzisokota, akizipaka gundi na kuziachia miguu pande zote. Baada ya juma moja meza ya jikoni ilijaa mikoko isiyozidi kidole gumba, na majirani waliopita kusalimu walishikishwa kamba kabla hawajapewa chai.

Walipoipanda, kazi ilianza kupendeza. Wimbi liliingia kwenye mikoko likiwa na kichwa, likatoka upande wa pili likiwa mkunjo tu juu ya maji. Murugi alipima, akahamisha mistari ya miti, akachimba vijito vya kupitishia maji ya kupwa, akapima tena. Alipofikisha maji kwenye kina ambacho mji ulikuwa umeandika katika maombi yake, yaani bahari itakavyokuwa watoto wa leo wakiwa wazazi, kinamasi kilisimama imara. Ukuta mfupi wa matofali, mfano wa ule uliochorwa nyuma ya mikoko kwenye mpango, haukulowa hata kidogo.

Angeweza kuishia hapo. Lakini mfereji wa kahawa una vibao vya kuchomeka vinavyoinua maji, na kibao kimoja kilikuwa kimelala kando, bado hakijatumika. Murugi alijiuliza, na hao watoto watakapokuwa mababu? Akakichomeka.

Maji yalipanda, yakafunika mizizi, yakafika kwenye vichwa vya miti. Wimbi lilipita juu bila kushikwa na chochote, likapiga ukuta, likarudi kwa hasira likachimba mchanga kwa nyuma. Kabla Murugi hajaizima mota, mstari wa nyuma wa mikoko ya mama yake ulikuwa unaelea. Mikoko ya kweli ingetaka kurudi nyuma, bahari ikipanda nayo ipande, ila nyuma kulikuwa na ukuta.

Aliuvunja ukuta, akaendeleza mteremko wa mchanga pale ulipokuwa, akaisogeza mikoko juu, akarudia. Wimbi likafa tena katikati ya miti.

Alimpigia simu bosi wake, Wamae, akamweleza. Wamae alikuwa mtu mwema, ila mwenye haraka.

"Wametuuliza swali moja, na tumelijibu," alisema. "Ukianza kujibu maswali ambayo hawajauliza, hii kazi haitaisha."

"Wakijenga ukuta pale, miti haitakuwa na pa kwenda."

"Hiyo itakuwa miaka mingi, Murugi."

"Ndiyo. Na ukuta utakuwa bado uko pale."

Wamae akasema, "Waonyeshe ukitaka. Lakini ni wewe utakayewaambia, si mimi."

Wageni wa Kigingini walifika Agosti, siku ya manyunyu. Mmoja alikuwa afisa wa mipango wa mji, kijana mpole aliyetetemeka tangu aliposhuka garini. Wa pili alikuwa Bi Mwanakombo, mwenyekiti wa kina mama waliokuwa wakipanda mikoko ufuoni na kukaanga samaki wa kuuza sokoni. Watiri alimtazama mgeni akiwa katika buibui lake jepesi, akaingia ndani akatoka na sweta.

"Hii baridi si ya kuchezea, mama. Vaa hii sweta yangu."

"Ahsante, dada. Nilidhani watu hutia chumvi wakisema habari za huku, kumbe hawajasema nusu," Bi Mwanakombo alijibu, akaivaa juu ya buibui na kuifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Kiwandani Murugi, aliyekuwa amerudisha ukuta na mikoko mahali pao pa kwanza, aliwasha mota. Bi Mwanakombo aliposikia kwamba ile mikoko imesukwa na Watiri, alipiga magoti pembeni mwa mfereji akaishika mmoja mmoja. "Huu mkoko kweli," alisema. "Umeupatia mpaka miguu." Aliyaona mawimbi yakifa kwenye miti, uso ukamng'aa, akamshika mkono afisa wake kama mtu aliyeshinda ubishi wa muda mrefu.

Ndipo Murugi akachomeka kile kibao.

Hakueleza sana. Aliacha maji yaseme, na yaliposema, aliuondoa ukuta, akaonyesha jaribio la pili. Kisha akasema kwamba kwa maoni yake nafasi ya nyuma iachwe wazi, pasijengwe chochote.

Bi Mwanakombo alisimama taratibu. "Pale nyuma ndipo penye banda letu."

Murugi alijua pana banda. Banda lilikuwa limechorwa kwenye ramani, mraba mdogo usio na jina. Hakuwa amejua ni la nani.

"Banda la kina mama," Bi Mwanakombo aliendelea, sauti yake chini. "Jipya. Lina maji ya bomba, lina majiko ya kisasa. Kabla ya hapo twalikuwa twakaanga juani, moshi machoni. Mwanangu, nimepanda milima yote hii nije niambiwe banda langu livunjwe?"

"Samahani, Bi Mwanakombo. Ningeweza kutokuonyesha."

"Afadhali usingalionyesha," alijibu, akageuka akatoka nje kwenye manyunyu.

Chakula kilikuwa kimeandaliwa kwa Watiri, na mgeni ni mgeni, hata akikasirika. Bi Mwanakombo aliketi jikoni karibu na jiko la kuni, mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta. Murugi na yule afisa walibaki sebuleni, kila mmoja akikitazama kikombe chake. Mlango ulikuwa wazi, na walisikia yote. Watiri hakuwa na nia ya kumfundisha mtu kitu. Alikuwa akingoja viazi viive, naye si mtu wa kukaa kimya na mgeni.

"Sisi tulikuwa na nduma, nyinyi mnaita magimbi, huko chini kwa mto," alikuwa akisema. "Serikali ikasema tutoke, tuache ukingo. Nilikasirika mwaka mzima. Ati shamba ya baba yangu, niambiwe niache."

"Ukaacha?"

"Ningefanya nini? Nikapanda huku juu, nikawa naitilia maji na mkebe. Si tamu kama ile ya mto, nikuambie ukweli. Lakini ile mvua kubwa ilipokuja, ilibeba shamba yote ya jirani na mbuzi yake. Kwangu haikupata kitu ya kubeba." Kifuniko cha sufuria kililia. "Na bado ninaikumbuka ile nduma ya mto."

Chakula kilipopakuliwa Bi Mwanakombo akaivuta sahani karibu. Alikula vizuri, aliomba aongezewe mukimo, ule mseto wa viazi vilivyopondwa na mboga, akauliza umepikwa kwa majani gani. Alipokwisha kunawa mikono alikuja sebuleni akamwambia Murugi, "Twende tena kwenye mfereji wako."

Safari hii aliwasha mota mwenyewe. Aliinua maji, akayaacha yapige, akaondoa ukuta tofali kwa tofali, akayaacha tena. Alirudia mpaka afisa wake akaanza kutafuta pa kuketi.

"Mikoko huhama," alisema hatimaye. "Hilo nalijua. Mbegu zake huelea, zikapata pa kushika zikaota. Twaiona ikiota nyuma yetu kila mwaka, na kila mwaka twaing'oa kwa kuwa yaziba njia." Aliinama tena juu ya mchanga. "Maji haya yanapanda mpaka wapi, hasa? Nionyeshe kwa kidole."

Murugi akamwonyesha kwenye mchanga. Bi Mwanakombo aliokota kibiriti kilichokuwa ukingoni, akakisimamisha palepale juu ya vijiti vinne vya waya vilivyobaki kwenye majaribio ya kwanza.

"Na banda likiwa na miguu?"

Murugi alikitazama kile kibiriti. Kwenye michoro yake yote lile banda lilikuwa kitu cha kubaki au cha kuondoka. Hakuwa amefikiria kwamba linaweza kuinuka. Alichutama kando ya Bi Mwanakombo, akakisogeza kibiriti juu kidogo, nje ya mkondo wa kijito, akaongeza mikoko chini yake. Wakawasha mota. Maji yalipita chini ya kibiriti bila kukigusa, yakachoka, yakarudi.

"Nguzo zikiwa nzito, mawimbi yataanza kuchimba," Murugi alisema. "Ziwe nyembamba, tuziachanishe."

"Na ngazi iwe ya mapana. Kina mama wabeba mabeseni ya samaki."

"Ya mapana. Majiko je? Sakafu ya mbao na moto?"

"Hilo utalifikiri wewe, ndio kazi yako," Bi Mwanakombo alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka.

Walikaa pale mpaka ukungu ukarudi, wakibishana juu ya ngazi, njia ya kupitisha samaki na mahali pa kuwekea majiko. Yule afisa alipiga picha kwa simu yake kila kibiriti kiliposogezwa. Sweta haikurudishwa. Watiri alikataa kuipokea.

Septemba Murugi alichimba kinamasi cha kiwanda kama alivyoahidi, akapanda mafunjo yaliyotolewa kwenye bwawa la upande wa pili wa Gatitu, na mifereji ikaoshwa na kurudishiwa kahawa. Wamae alituma ujumbe mfupi kwamba michoro mipya imefika na kwamba ngazi ni nzuri.

Simu ya Bi Mwanakombo iliingia Jumapili moja ya Novemba, watu wakiwa wametoka kanisani. Baraza la mji lilikuwa limeridhia. Ukuta umefutwa kwenye mpango, na banda litavunjwa baada ya jingine kusimama, si kabla. Kina mama wengine bado wananung'unika, alisema, na mmoja hamsalimu.

"Atakusalimu," Murugi alisema.

"Asiposalimu nitamsalimu mimi. Nipe mama yako."

Watiri aliichukua simu akaenda nayo nje, akaketi kwenye kigoda upande unaopigwa na jua. Murugi alimsikia akiuliza habari za magoti, kisha bei ya nazi, kisha kama ni kweli maji ya bahari ni ya vuguvugu hata asubuhi. Naye Murugi akaweka sufuria ya chai mekoni, akafungua dirisha, akaanza kukata mkate.