Mfua Nguo wa Tatu

Saa nane mchana, shuka kubwa la ukumbini lilipokwisha kumwagiwa maji, mzungushaji alishika mpini wa mashine ya picha. Shuka likilowa, picha ilionekana pande zote mbili: mbele walikaa wenye viti, nyuma waliokaa chini, ambao waliona kila kitu kinyume, kulia kushoto, na walishazoea.

Picha yenyewe ilikuwa wafua nguo wakitoka kazini, mafurushi kichwani. Wa tatu alikuwa mama yake mzungushaji. Kazi ile ilimmaliza kifua, akafariki mwaka uleule aliopigwa picha. Mwanawe alimtembeza taratibu, mwendo wa mtu aliyeshinda amesimama.

Siku hiyo tajiri wa ukumbi alitaka maonyesho zaidi. "Zungusha haraka, watu wamejaa nje. Jikaze kisabuni."

Wafua nguo wakatoka mbio.

"Jamani, mama wa watu mnamkimbiza hivyo, kwani ameiba?" akauliza mzee mmoja nyuma ya shuka. Wenzake wakacheka.

Jioni mama akashuka kutoka pichani. Alitokea upande wa nyuma, nguo zinachuruzika, akatua furushi. Watu wakasogea kumpisha, naye akakaa kidogo akihema, kisha akaenda mashineni.

"Pole na kazi, mwanangu. Miguu imekwisha. Punguza kidogo."

"Nikipunguza wataweka mwingine, mama. Hatakuwa na habari na wewe."

"Basi simama."

"Nikisimama taa itaiunguza picha, nawe umo."

Mkono ulikuwa umemfa ganzi, roho inamuuma, na mpini unazunguka. Mama akampapasa bega, hakumwomba tena.

Tajiri akaja, akamtambua. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Maadamu umeshuka, ndoo ile pale. Shuka linakauka."

Alipokuwa hai mama hakuwahi kumkatalia tajiri yeyote, wala sasa hakujua pa kuanzia. Akabeba ndoo. Kesho yake mmwagaji maji aliambiwa asirudi.

Ikawa ndiyo desturi. Onyesho likiisha mama hushuka, hulowesha shuka, hujitwika furushi lake. Watazamaji wa nyuma humsalimia, na wengine humsaidia kuinua ndoo.

"Utapumzika lini, baba?" alimwuliza mwanawe mara moja, akijifunga nguo kiunoni.

"Nadhani nikifa, mama."

"Hata mimi nilidhani hivyo," akasema, akaingia kwenye shuka, akaanza kukimbia.