Ndege ya Shemeji

Ghalani kwetu ngazi ilikuwepo, ila msimamizi aliifungia stoo, eti inapoteza muda. Ukitaka katoni ya rafu ya juu, unasimama kwenye paleti tupu, lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo, na foklifti inakunyanyua. Tuliita kupanda ndege. Rubani wangu alikuwa shemeji, mume wa dada yangu, mtu asiyenyamaza hata msibani.

“Funga mkanda, abiria!” alinitania asubuhi ile, akanipandisha mpaka karibu na paa. Nikavuka, nikaingia rafuni nyuma ya katoni za sabuni. Mara msimamizi akaja mbio.

“Mkaguzi wa usalama yuko getini! Toa foklifti hapo!”

“Na huyu aliye juu?”

“Alale kimya. Akionekana tu, wewe huna kazi.”

Shemeji akaniangalia. Dada alikuwa karibu kujifungua, na mshahara ulikuwa huo mmoja. Nikampungia mkono aende. Akashusha uma wa kunyanyulia, akageuza kwa pupa, na sehemu ya nyuma ya foklifti ikagonga nguzo ya rafu.

Chuma kikalia. Rafu ikainama taratibu, halafu ikaporomoka yote, nami ndani yake. Giza. Mguu sikuusikia. Kifua kilibanwa na katoni hivi kwamba nilifungua mdomo na sauti haikutoka.

Nikasikia viatu vigeni vikisimama karibu.

“Kuna mtu humu chini?” mkaguzi akauliza.

“Hakuna,” msimamizi akajibu upesi. “Ni sabuni tu. Watu wangu wote wako salama.”

“Basi pasiguswe. Tokeni nje, rafu ya pili nayo inayumba.”

Nikasikia miguu ikienda zake. Nikakwaruza katoni kwa kucha, nani asikie? Hasira zikanipanda kuliko hofu. Maneno yote yale ya kila siku, na leo shemeji amemeza ulimi! Nilimlaani, nikamlaani tena, huku pumzi ikiniishia.

Kisha katoni moja ikatupwa pembeni. Na nyingine.

“We dereva, umechanganyikiwa?” msimamizi akafoka. “Toka hapo!”

“Kuna mtu! Nimempandisha mimi, na nguzo nimeigonga mimi. Njooni mnisaidie, jamani!”

Viatu vikarudi vikikimbia. Mkono ukapenya gizani, ukapapasa, ukashika vidole vyangu.

“Abiria,” shemeji aliita, analia waziwazi. “Abiria, niitikie basi.”

Sauti sikuwa nayo. Nikamfinya mkono, nikaendelea kumfinya mpaka mwanga ukaingia.