Insha ya Sebuleni

...na tena "ee", mwanaume mzima sebuleni kwangu na neno lake ni hilo moja, ee, kisha kimya, kisha sauti ya Selestina chinichini kama mtu anayeungama, kisha ee, nami niko jikoni na sinia la maharage magotini, nachambua, vijiwe huku, mabovu huku, masikio yangu yako mlangoni... amekuja kumsaidia binti yangu insha, ndivyo alivyosema, insha gani hiyo isiyoshikiwa kalamu, tena yenyewe ya Kiingereza, mbona wanaongea Kiswahili, hata mimi nilifika kidato cha nne, insha tulikuwa tunaandika, hatukunong'onezana... Loserian, mtu wa Kakesio, wako chuo kimoja cha maendeleo ya jamii, yeye yuko mbele, likizo imekwisha, basi lingemfikisha chuoni moja kwa moja lakini kashukia Karatu, kwa nini, na alipoingia aliinamisha kichwa nimguse utosini, kwani mimi Mmasai, nikamwambia marahaba, kaa pale, mlango uacheni wazi... na Dorkasi jirani kashachungulia uani, "Mama Selestina, mgeni huyo ana ng'ombe, usimfukuze!" na kicheko chake kile, kesho kanisani wote watajua... ningemfukuza, ila insha imerudishwa mara mbili, mwalimu kaandika haina hoja yako mwenyewe, ikirudi tena mtoto anarudia mwaka, na kurudia mwaka kwa baba yake ni kubaki nyumbani, Lazaro ameshasema, na Lazaro akisema habembelezeki... "Endelea," anamwambia, "kwetu mtu akileta habari hakatizwi, mpaka amalize, ndipo unamuuliza," kumbe ee zake ndizo hizo, niliwahi kuwaona Wamasai mnadani, mmoja anasema mwingine anaitikia, sawa, lakini habari gani... "Kitabu kinasema wakulima hawafuati ushauri wa wataalamu kwa sababu ya ujinga," huyo ni Selestina, "ee," "bwana shamba alituletea nyasi za kupanda kwenye matuta, zishike udongo, tukapanda, zikaota vizuri," "ee," "kiangazi kilipokuja mama akazikata zote akawapa ng'ombe"... mtoto huyu! mambo ya nyumbani kwetu anampa mtu wa kupita, kesho ayaandike wasome walimu na kahawa mkononi, wacheke, mama mjinga wa Karatu, na wala sikuzikata zote, za juu nilibakiza, ngoja niingie na chai nimweleze vizuri... "Halafu?" "Halafu basi. Mwalimu atasema ndiyo ujinga wenyewe." "Mwalimu hayupo hapa. Wewe unasemaje?" nimeshika harage silitupi... "Nasema kitabu hakikuuliza ng'ombe wale wangekula nini." Kasema kwa sauti, Selestina, ambaye hata dukani nilikuwa namtuma anarudi hajathubutu kuomba kitu, ile sauti sijawahi kuisikia humu ndani, na ni kweli, mwaka ule mtamba alikonda kwa njaa hata akawa hataki kulala, kwa sababu akilala hainuki, nani aliuliza, bwana shamba alikuja na pikipiki akapiga picha matuta akaondoka... "Andika hilo," anasema, sasa ndiyo naisikia karatasi, lakini bado simwamini, kijana anayejua kunyamaza hivyo ni wa kuogopwa kuliko msemaji... "Kabla ya mwalimu, mwambie mama yako. Nyasi alikata yeye, atajua kama hoja inasimama." Binti yangu anacheka, kicheko kifupi, "Mama? Mama humjui. Mama anajibu kabla hujamaliza." ... nani, mimi? mimi nina kazi, mtu mwenye ng'ombe na shamba na mume kama Lazaro atasubiri watu wamalize saa ngapi, na nisipojibu mimi nani anajibu humu, na... kiti kimeburuzwa, kandambili hizo, anakuja, maharage hata nusu sijafika, na jibu ninalo tayari, za juu nilibakiza, tena mwambie rafiki yako magari ya jioni yanawahi kujaa, yote yako ulimini na mtoto hajafungua hata mdomo, kasimama mlangoni na karatasi yake, "Mama, una nafasi kidogo?" na mimi naangalia maharage, nachagua, vijiwe huku, jibu nalimeza, nasogeza miguu apate pa kukaa.