Tundu Kwenye Almasi ya Mama Mkwe

Kabla hatujaingia kwa sonara, mama mkwe aliivua pete akaifunga kwenye pembe ya leso. Mwanangu alikuwa amelala mgongoni kwangu. Tangu nimzae, mama alikuwa akisema pete ile ni yangu, ila hawezi kunipa kitu kibovu.

"Almasi yake ina tundu katikati," alimwambia fundi kwa sauti ya chini, kama anayemweleza daktari. "Ichonge upya, iwe duara, imetemete kama za kisasa. Sitaki mkwe wangu achekwe."

Fundi, mzee wa miwani minene, aliitazama pete kwa lenzi muda mrefu.

"Tundu hili limetoka wapi?"

"Nimelitoboa mwenyewe." Mama alitazama sakafu. "Wiki ya pili ya ndoa. Nilikuwa nasugua sufuria, mkono ukagonga, kuangalia hivi, tundu! Marehemu hakujua mpaka anaondoka. Kila akinishika mkono, jiwe nalificha kiganjani."

Miaka thelathini na minne. Hata mume wangu sijawahi kumsikia akiitaja habari hiyo.

"Pitisha ukucha juu yake," fundi alisema. "Kuna shimo?"

Mama akapitisha. Akarudia.

"Hakuna."

"Basi aliyeumia ni sufuria."

"Fundi, usinitanie, mimi mtu mzima."

"Sikutanii, mama. Hii ilichongwa kwa mkono, zamani za mishumaa, mashine za umeme hazijaja, wewe mwenyewe hujazaliwa. Fundi wake alifuata umbo la jiwe lilivyotoka ardhini, ndiyo maana limekaa kama mto wa kulalia, pembe zimelegea. Limeinuka juu, na chini lina kina. Ile ncha ya chini kabisa aliisaga makusudi ikawa bapa, isije ikavunjika. Ukichungulia kutoka juu, hilo bapa ndilo unaloliona kama tundu."

Mama aliketi. Alianza kucheka, kisha akajifuta macho kwa ile leso.

"Kumbe nimemficha mume wangu mkono bure!"

"Kuifanya duara naweza," fundi aliendelea, "lakini theluthi nzima itakuwa unga. Semeni nyinyi."

Mama alinigeukia. Kwake nimezoea kujibu "sawa, mama" na kunyamaza. Safari hii nilisema, "Mama, mimi naipenda hivyo hivyo."

"Hata kama haimetimeti?"

Fundi akazima taa ya mezani, akaisogeza pete kwenye mwanga hafifu wa dirishani. Haikumemetuka haraka haraka kama zile za kabatini. Ilitoa miali mipana, ya polepole, mmoja ukizima ndipo mwingine unawaka.

"Mwanangu," mama alisema mwishowe, "niachie mwaka mmoja. Nimeivaa miaka yote hiyo, sijaifurahia hata siku moja."

"Hata kumi, mama."

Nilimshukuru fundi mpaka akaona haya. Alichofanya ni kuisafisha tu na kukaza kijino kimoja cha kushikia jiwe kilicholegea. Lakini mama niliyetoka naye pale alikuwa mwepesi, akitembea mbele yangu. Kwenye kona alimsimamisha muuza magazeti, akamnyooshea mkono wenye pete na kumwuliza ni saa ngapi.

Na saa yake alikuwa ameivaa, mkono huo huo.