Mawifi Watatu wa Fundi

Saa tatu kasorobo asubuhi, Fundi alikuwa akiondoa nafasi zilizozidi katika majina ya watahiniwa elfu kumi na mbili. Makarani wa shule walizoea kugonga kitufe cha nafasi mara mbili tatu baada ya kila jina, kupumzisha dole gumba, na kompyuta, inayoiona nafasi kama herufi, ikamhesabu mtahiniwa mmoja kuwa wawili. Programu iliyotibu ugonjwa huo aliiandika Fundi mwenyewe, kwa miezi minane.

Siku ya kuiwasilisha hakuwapo. Alikuwa hospitalini akimuuguza mama mkwe wake. Aliyewasilisha ni wifi yake, dada mdogo wa mumewe, ambaye Fundi ndiye aliyemwingiza kazini na kumfundisha. Wifi aliandika jina lake katika mstari wa kwanza wa programu, panapokaa jina la mtunzi. Sasa meneja alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu atamkabidhi ukuu wa kitengo.

"Wifi yangu, usininunie," alisema wifi akipita na kikombe cha chai. "Nilikushikia tu."

"Basi ishike vizuri, isikuponyoke."

Fundi hakuinua macho. Alimwonea kijicho hata kwa mwendo wake, ambao tangu tangazo lile ulikuwa wa taratibu, wa mtu anayesubiriwa. Wifi alipotoka, Fundi alifungua mstari wa kwanza, akaamuru jina la wifi liwe la herufi ndogo tupu.

Mlango ulifunguliwa. Aliingia wifi wa pili, mwenye sura ileile ila sauti ya chini, akauliza meza yake ni ipi. Tarishi alimletea kiti.

Fundi alirudi kwenye skrini. Jina lilikuwa vilevile, herufi kubwa mahali pake. Akaamuru likatwe, zibaki herufi tatu za mwanzo. Akaingia wifi wa tatu, aliyemfikia wa pili kifuani, akalalamika kwamba wengine wamekunywa chai na yeye hajapewa.

Wifi wa kwanza alirudi, akawatazama wenzake, kisha akaitazama skrini.

"Umesahau, wifi," alisema. "Amri haibadilishi maandishi. Inatoa mapya, na ya zamani yanabaki kama yalivyo, mpaka uyaweke mapya mahali pake. Si wewe uliyenifundisha?"

"Ni mimi."

"Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza," alisema yule mfupi.

"Ni hasira hizo," alinong'ona wa pili. "Mwacheni."

Meneja alikuja, akawahesabu mawifi kwa ncha ya kalamu. Alisema kitengo kilikuwa na uhaba wa wenye ujuzi, akamwomba Fundi awaachie meza yake, kwa kuwa ndiyo ndefu.

Jumapili mama mkwe, ambaye alikuwa amepata nafuu, aliongeza sahani mbili mezani. Mume wa Fundi alisema, "Wote ni dada zangu, mke wangu. Unataka nichague upande?"

Jumatatu ukuu wa kitengo ulikabidhiwa kwa wote watatu. Kila mmoja alieleza jinsi alivyoitunga programu; yule mfupi alisimama juu ya kiti. Fundi alipiga makofi pamoja na wengine.

Baadaye aliketi juu ya boksi la karatasi, kompyuta magotini. Aliona kwamba kama wifi aliweza kuongezeka, naye angeweza. Wangetosha Fundi wawili, mmoja wa kumuuguza mama mkwe, mwingine wa kuwasilisha kazi. Kilichohitajika ni jina lake tu, la kuanzia nalo. Aliiamuru programu ilitafute ndani yake yenyewe, toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Programu ilijibu hasi moja. Ndivyo ijibuvyo inapotafuta kitu kisichokuwamo.

Fundi alilikagua jibu mara mbili. Lilikuwa sahihi. Sehemu ya kutafuta aliiandika yeye, na haikuwahi kukosea.