Bado, Bana

Mwaka 2008 daktari wa Bungoma alimwambia Mama Rispah kwamba presha ya macho haingoji. Afanyiwe upasuaji upesi, jicho la kulia lisije likafuata la kushoto. Mama akauza mitamba wake wawili pale Kanduyi. Mwanawe Kizito, karani huko Kitale, akachukua pesa azilipe hospitali. Akazipeleka kwa wakala wa hisa.

"Ni kampuni ya simu, mama! Kenya nzima imepanga foleni," alijitetea. "Zikianza kuuzwa zitapanda, tuuze, utibiwe, na ng'ombe warudi."

Kampuni ilimgawia hisa chache, pesa zingine zikarudishwa. Hisa zilipoingia sokoni zikapanda kweli. Dada yake, Edinah, akampigia simu.

"Uza leo, Kizito."

"Ati leo? Bado, bana. Wajinga ndio huuza mapema."

Badala ya kuuza, alichukua zile pesa zilizorudishwa akaongeza hisa, bei ikiwa juu. Kufikia Oktoba zilikuwa zimeanguka chini ya bei ya mwanzo.

Jumapili moja alikuja Kanduyi, akala kuku wa mama huku akichora kwenye gazeti jinsi bei itakavyoinuka. Mama alipapasa meza akitafuta chumvi. Ilikuwa karibu na kiwiko cha Kizito, hakumsogezea. Edinah aliyatazama mafuta yakimng'aa Kizito mdomoni, akamsogezea mama chumvi.

"Hizo hisa ziko kwa jina la nani?" mama akauliza.

"Lako, lakini—"

"Basi kesho tunaenda Kitale."

Kizito aliwakuta kwa wakala akihema. "Mama, unauza wakati mbaya!"

"Si unaona naonyeshwa hata pa kuweka sahihi? Wakati mzuri ni upi?"

Edinah akaushika mkono wa mama, akauongoza kwenye mstari.

Pesa hazikutosha, Edinah akauza cherehani yake. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia liliokolewa kiasi cha kumtambua mtu mlangoni.

Mwaka uliofuata bei ikajikokota juu tena. Kizito akaja mbio na gazeti, hata kiti hajakalia. "Mmeona? Mngenisikiza!"

Mama akampa kikombe cha chai. Edinah alitoka nje, akatema mate kwenye ua. Nyuma yake alimsikia mama akisema, taratibu, "Maliza chai yako, mwanangu, uende."